Mama Mkwe na Baiti 29638

Mke wangu ana sheria moja tu kuhusu makorokoro yangu: kikiingia kimoja, kitoke kimoja. Jumamosi ile nilirudi na laptopu ya mwaka 1983 kwapani, nikachukua redio mbovu gereji nikaitupa kwenye pipa, nikajihesabu raia mwema.

Niliipata kwa jirani, hapahapa Fort Worth, Texas. Alikuwa amepanga vitu vya marehemu babu yake mbele ya gereji anaviuza. Akaniambia dola 15, halafu akaongeza kwa uaminifu, "Ila haiwaki." Hilo neno ndilo ugonjwa wangu. Mtu akiniambia gari lake haliwaki nampa pole. Akiniambia kompyuta haiwaki, natoa pochi.

Yenyewe inaitwa TRS-80 Model 100. Usidhani ni laptopu ya kufunguka kama kitabu. Hii ni kama kitabu kinene kilicholazwa mezani: nusu ya chini kibodi, nusu ya juu kioo chembamba cha mistari minane, herufi 40 kila mstari, basi. Unaitia betri nne ndogo za tochi, inakaa nazo masaa kama 20. Kyocera ya Japani ndiyo iliyoiunda, Tandy wakaiuza kwenye maduka yao ya RadioShack, na makao makuu ya Tandy yalikuwa mjini humu humu, kwa hiyo nilijiona nimeokota mtoto aliyepotea mtaani kwao. Waandishi wa habari waliipenda sana enzi hizo. Waliandikia popote, kisha wakarusha habari kwa waya wa simu.

Ila mimi sikuifuata kwa ajili ya waandishi. Bill Gates amewahi kusema kwamba hii ndiyo mashine ya mwisho ambayo sehemu kubwa ya programu yake aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Nikataka niingie humo ndani, niusome msimbo, yaani maagizo yenyewe ya programu, baiti kwa baiti, nione yule bwana alikuwa anafikiri vipi kabla hajawa na hela zote zile.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ametimiza miezi mitatu kwetu. Alitoka Tanga kuja kumlea mjukuu wake, Zawadi, akaja na kazi ya pili mkobani: shemeji yangu alikuwa anaoa Desemba, na kamati ya harusi ilimteua mama akusanye michango ya ndugu walioko Marekani. Kama hujui una ndugu wangapi Marekani, ishi nyumba moja na mweka hazina wa harusi.

Nilipoifungua mashine, nikakiona kilichoiua, au nilichodhani kimeiua. Ndani kuna kibetri cha pili, cha nikeli na kadimiamu, volti 3.6, kimechomelewa palepale kwenye bodi. Kazi yake ni kulinda kumbukumbu ukishazima, maana laptopu hii haina diski. Ulichoandika kinakaa kwenye RAM, na RAM ikikosa umeme, umeandika hewani. (Hapo pakumbukeni.) Kibetri kilikuwa kimevuja miaka na miaka, njia za shaba zimeota ukijani. Uchafu ule ni alkali, dawa yake ni siki, na kadimiamu ni sumu, kwa hiyo nilivaa glavu. Siki niliitoa jikoni, mswaki nikauchukua kwenye kikombe cha bafuni. Ulikuwa mswaki wa nani, tusifike huko. Niseme tu kwamba kesho yake mama mkwe alinunuliwa mswaki mpya, na hakuna aliyemweleza kisa.

Nikaweka kibetri kipya, nikabadilisha kapasita zote zilizonitazama vibaya, nikafunga, nikawasha. Kimya.

Wiki mbili zilizofuata sipendi kuzisimulia. Michoro ya umeme ya mashine hii ipo, imechapishwa, mtu yeyote anaweza kuisoma. Mimi nikaona kusoma ni udhaifu. Nikafuata kila njia ya shaba kwa mita ya fundi umeme, usiku baada ya usiku, mita ikilia "tiiit" nachora mstari kwenye karatasi, mita ikilia tena Zawadi anaamka, mke wangu anakuja kusimama mlangoni bila kusema neno. Nikafika mahali nikawa na karatasi saba zilizoungwa kwa gundi, zimefunika meza ya kulia chakula. Tulikula tukiwa tumepakata sahani.

Siku moja mama mkwe, mtoto mgongoni, akawa anafuta meza. Akaiinua mashine, akaigeuza, akaifuta tumbo.

"Baba Zawadi."

"Naam mama."

"Hii swichi ya huku chini ina kazi gani?"

Chini, ndani ya kijishimo, kuna kiswichi kidogo sana kimeandikwa MEMORY POWER, yaani umeme wa kumbukumbu. Nilikuwa nakijua! Kwenye karatasi ya nne nilikichora vizuri kabisa, nikakiwekea na alama ya kuuliza. Kikiwa kimezimwa, mashine haiwaki hata uiletee jenereta. Mtu anayeiweka stoo kwa muda mrefu anashauriwa akizime, na yule babu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kufuata maelekezo.

Mama mkwe akakisukuma kwa kucha. Swichi kubwa ya pembeni nilikuwa nimeiacha imewashwa tangu asubuhi. Kioo kikajaa herufi.

"Ni nzima," akasema, akiendelea kufuta. "Ilikuwa imezimwa tu."

Nikakunja karatasi zangu saba.

Sasa, mama mkwe kabla ya kustaafu alikuwa karani mchapaji, miaka mingi, katika ofisi moja Tanga. Mimi nilijua hivyo kama unavyojua kwamba mtu fulani aliwahi kwenda Mafia. Ni habari tu. Kumbe kibodi ya Model 100 ni kibodi kamili, vitufe vya kubonyea kwelikweli. Mama akaketi, akanyoosha mgongo, akaweka vidole, na sauti iliyotoka pale sijawahi kuisikia nyumbani kwangu. Mvua ya bati. Hatazami vidole. Anazungumza na mtoto, anapiga taipu.

"Hii ndiyo mashine," akasema. "Siyo hivyo visimu vyenu vya kupapasa."

Kuanzia hapo laptopu ikawa si yangu. Alifungua faili la michango. Majina ya mafaili yanapokea herufi sita tu, na HARUSI ni herufi sita kamili. Mama aliona hiyo ni ishara. Kila ndugu na mstari wake: ahadi, alichotoa, kilichobaki. Kwenye kundi la WhatsApp hakutangaza chochote, kwa sababu kwa mama kutangaza deni la mtu kabla ya siku ya mwisho ni kumvua nguo. Siri zote zilikuwa humo ndani.

Alinivutia jinsi alivyoisoma ile mashine. Kwenye menyu, chini, inaandika baiti zilizobaki wazi, yaani nafasi za herufi moja moja. Ikiwa tupu kabisa, hii yangu inasoma 29638. Mama aliitazama namba ile siku mbili tatu, kisha akasema, "Kumbe ni chenji. Ninavyoandika ndivyo inavyokatwa." Nimesomea kompyuta chuo kikuu miaka minne, sijawahi kusikia kumbukumbu ikielezwa vizuri hivyo. Ijumaa chenji ilikuwa 26912.

Kitu kimoja tu kilimkera. Juu ya menyu kuna tarehe, na tulipoandika Oktoba 2023, mashine ikaandika Oktoba 1923.

"Mwaka 1923, baba, huyu bwana harusi hata babu yake hajazaliwa. Tanganyika ina gavana wa Kiingereza. Mtu akipita hapa akaiona ataniuliza nakusanyia nani."

Nikamweleza kwa furaha, kwa sababu hatimaye mtu ananiuliza jambo ninalolijua. Chipu ya saa iliyomo humo inaitwa uPD1990. Jina lina 1990, lakini chipu yenyewe haijui mwaka. Inajua mwezi, siku na saa. Mwaka unatunzwa pembeni kwenye RAM, tarakimu mbili tu, na ile "19" ya mbele imegandishwa ndani ya ROM, ile chipu iliyobeba programu za kiwandani, haibadiliki. Mwaka 1983 nani alidhani laptopu hii itafika kwa mama mkwe?

"Kwa hiyo huwezi kuirekebisha," akasema mama.

Msemo huo ni ndugu wa damu wa "haiwaki".

Usiku nikaunganisha waya kutoka tundu la RS-232 nyuma ya mashine hadi kompyuta yangu ya kisasa. Nikaandika programu ya mistari mitatu kwa lugha ya BASIC: soma baiti moja ya ROM, irushe, nenda inayofuata. Baiti 32768, moja baada ya nyingine. Zilipokwisha nilikuwa na ROM nzima mkononi, na kwa wiki moja nikawa naisoma, maagizo ya prosesa ya 80C85, nikitabasamu peke yangu. Kuna ubahili mle ndani wa kufurahisha sana. Kipande kimoja cha msimbo kinatumika kwa kazi hii, kinarukiwa katikati kwa kazi ile, hakuna baiti inayolala bure. Kama nyumba ya vyumba viwili yenye watoto tisa. Nikatafuta 31 ikifuatiwa na 39, ndizo namba za herufi "1" na "9". Nikaipata. Nikaweka 32 na 30, yaani "2" na "0". Nikaiandika ROM hiyo kwenye chipu mpya, nikaitengenezea adapta kwa sababu chipu ya zamani ina mpangilio wake wa miguu usiofanana na wa chipu za dukani.

Saa sita za usiku, nyumba imelala. Nikaiweka mashine mezani kifudifudi. Bisibisi mkononi. Na hapo, kabla sijagusa skrubu, nikakumbuka. Safari hii sikusahau! Nikatabasamu, nikaingiza kucha kwenye kijishimo kama alivyofanya mama, nikakizima kiswichi cha MEMORY POWER. Huwezi kuchomoa chipu umeme ukiwa hai. Fundi mwenye adabu anazima kwanza.

Nikachomoa, nikachomeka, nikafunga, nikawasha. Nikaandika tarehe. 2023. Niliruka peke yangu jikoni.

Asubuhi nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi, nikamwita aje aone. Mama akavaa miwani. Akatazama juu, akasoma mwaka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo sawa." Kisha macho yakashuka, taratibu, hadi chini ya kioo. Yakakaa hapo.

"Baba Zawadi."

"Naam mama."

"Mbona chenji imerudi yote?"

29638.

Nilifungua mdomo, haukutoa kitu. Nilitazama ule waya wa RS-232, bado umeninginia ukingoni mwa meza. Kwa waya ule nilinakili baiti 32768 za Bill Gates, ambazo duniani zimejaa kila mahali. Za mama mkwe zilikuwa 2726, na sikunakili hata moja.

Mke wangu aliitisha kikao saa moja baadaye. Tulianza kupiga simu, mmoja mmoja, kuuliza kwa upole. Shangazi wa Houston: "Mimi? Nilishamaliza." Binamu wa Minneapolis, aliyeahidi dola 200 na kutoa 50: "Mbona nilimaliza zamani, mama hakuandika?" Kufikia mchana, ndugu 17 walikuwa wamemaliza, wakiwemo wawili ambao mama ana hakika hawakuahidi kitu. Mmoja aliuliza kama amezidisha arudishiwe.

Kamati ya Tanga ilipigiwa. Ilikaa. Ilirudisha jibu fupi lililosomwa kwa sauti mbele yangu, kwamba pengo lijazwe na aliyefuta.

Siku hizi mama anatumia kaunta buku. Jalada jekundu, mistari imepigwa kwa rula. Juu ameandika mwaka kwa kalamu, tarakimu zote nne, amezikandamiza hadi zimetokea ukurasa wa pili. Na mstari wa kwanza kabisa: Baba Zawadi, ahadi dola 640, bado.