Tendegu la Nne ni Ndoo

Leo nimeamka pua yangu imegusa ukuta. Chokaa imeniachia alama nyeupe, na mtoto wa chumba cha pili aliponiona napita uani kwenda chooni akamuuliza mama yake kama na mimi nimepakwa poda ya joto. Nilipolala jana nilikuwa upande wa mlango, kama mtu mwenye akili zake. Ila kitanda changu kina mteremko, na mwanaume wa kilo themanini akishapitiwa na usingizi hana breki. Ikifika saa tisa usiku nimeshateremka hadi kituo cha mwisho, nimekwama kati ya godoro na ukuta kama daftari lililodondokea nyuma ya kabati.

Na kitanda hiki kimetoka kwa fundi juzi. Juzi Jumamosi. Na nimelipa.

Tuelewane kwanza. Mimi si mtu wa kulalamika. Nina miaka arobaini na moja, msibani hupewa daftari la michango nikaandika, na hata bajajini huwa naachiwa kiti cha nyuma. Kitanda nilikinunua kwa kaka mmoja aliyekuwa anahama, tano kwa sita, 80,000. Aliniapia kwamba ni mninga wa Tabora. "Hiki utakuja kuwarithisha wajukuu, kaka." Sina mjukuu, mtoto mwenyewe sijapata, lakini palepale nikajiona babu. Nikatoa hela.

Jumanne iliyopita, usiku mnene, nikageuka upande. Nimegeuka tu, sijaruka. Kra! Chaga tatu zikaenda kwa pamoja, mfumbati wa kulia ukapasuka, mimi na godoro tukashuka chini kama lifti. Sasa nyumba yetu haina silingibodi. Vyumba sita, bati moja. Mtu akipiga chafya cha kwanza, cha sita wanamwambia afya. Kukawa kimya kidogo, halafu sauti ikatoka chumba cha tano: "Taratibu, jirani!"

Nikajibu kwa heshima zangu zote: "Nipo peke yangu!"

Sijui nani alinituma. Kicheko kilianzia cha kwanza kikaenda kuishia cha sita, kikarudi tena. Kuna majibu ambayo ni mabaya kuliko tuhuma yenyewe.

Asubuhi nikamfuata mama mwenye nyumba, nikamwamkia, nikamweleza kwa lugha laini kwamba huenda sakafu imetitia. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "mimi nilikupangisha kuta nne na bati. Kitanda ulikuja nacho mwenyewe, na ulivyokileta hukuniita nikione." Sawa. Ila nyumba ni yake, na kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye Luku ya umeme, ilianza 1,000 kwa mwezi ikapanda 1,500, na Luku tunanunua sisi kwa zamu. Kwenye kodi nyumba ni yetu sote, kwenye sakafu ni kuta nne na bati. Nikaondoka kimyakimya, maana miezi sita yangu inaisha mwezi ujao na 360,000 sijui nitaitoa wapi.

Basi nikakodi guta, 3,000, nikapeleka kitanda kwa fundi wa hapo barabarani. Watu walinishauri niende Keko, kwamba kule ndiko vitanda vinakozaliwa. Lakini kutoka Mbagala mpaka Keko na kitanda kilichovunjika ni safari ya kuonwa na kila mtu unayemdai na anayekudai. Nikachagua wa karibu.

Fundi akakizunguka kitanda mara mbili, mikono nyuma, kama daktari aliyeitwa kwa kuchelewa. Akachomoa msumari mdomoni (misumari yake yote inaishi mdomoni, chai sijui anainywea wapi) akakwangua mfumbati kidogo. Chini ya ile rangi nyekundu mbao ilikuwa nyeupe kama nyama ya nazi.

"Bosi, hapa ulipigwa. Hii paini."

Kumbe mninga ulikuwa rangi tu. Paini imetoka zake Mufindi huko, Sao Hill, kwenye baridi, imekuja Mbagala kujifanya mtu wa Tabora, na mimi nimeilalia miaka mitatu kwa heshima zote za mninga.

Akataka 35,000. Nikamwambia kumi na tano, akaangalia pembeni kama nimemtukania mzazi. Tukakutana 25,000, nikatoa 15,000 mkononi, "njoo kesho saa kumi." Alhamisi saa kumi umeme umekatika. Ijumaa msasa umeisha. Ijumaa jioni simu imepokewa na mtoto, akaniambia baba amesema hayupo. Mimi huku nalala na godoro sakafuni, mende wananipita kichwani kwenda kazini na kurudi. Jumamosi nikaamua kwenda bila kupiga simu.

Nikafika. Kitanda kipo chini ya mwembe, kinang'aa. Kimepigwa msasa, kimepigwa vanishi, mchagoni kimechongwa ua. Nilihisi kama mtu aliyeibiwa shati, halafu akalikuta harusini limevaliwa na mtu mwingine, na limempendeza. Pembeni yake amesimama kijana mmoja na mchumba wake, wameshikana vidole, na mbele yao shangazi mtu, khanga kiunoni, pochi kwapani. Na fundi anasema: "Laki na arobaini, mama, kwa sababu ni wewe."

Nikasimama. Nilidhani labda kuna kitanda kingine nyuma ya kile.

"Kinalia?" shangazi akauliza.

"Hakilii, mama. Hiki ni bubu."

Shangazi hakubishana. Akashika mchago kwa mkono mmoja, akatikisa mara moja. Kwiii. Sauti ile ningeitambua hata Kariakoo siku ya mkesha wa Idi.

Nikasogea. "Shikamoo mama. Samahani, hicho kitanda ni changu."

"Marahaba. Umeshakilipia?"

"Nimelipa kumi na tano elfu."

"Sisi tuna laki na ishirini taslimu," akasema, akaniangalia kama mtu aliyeruka foleni ya mafuta ya taa. "Subiri basi, baba, tumeanza sisi."

Fundi akanidaka mkono, akanivuta hadi kwenye rundo la maranda. "Bosi, tumia akili," akaninong'oneza huku misumari inacheza mdomoni. "Hawa wana harusi wiki ijayo, hawana pa kwenda. Tukiuza hiki, nakupigia kipya, mbao ngumu, Jumatano tu. Na elfu ishirini ya usumbufu unaondoka nayo sasa hivi."

Hapa ndipo heshima yangu ilipoanza kuvuja. Nilitakiwa kukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika tangu asubuhi, hotuba nzima nilikuwa nayo kichwani, inaanza na "mimi si mtoto." Lakini elfu ishirini ni elfu ishirini, na mwezi ujao uko palepale. Nikarudi pale mwembeni nimevaa uso mwingine.

"Mama," nikasema, "nisiwe mchoyo. Kitanda hiki nimekilalia miaka mitatu, hakijawahi kunisumbua."

"Kwa fundi kimeletwa kufanya nini?"

"Vanishi tu, mama. Napenda vitu vyangu ving'ae."

Yule binti akakaa pembeni ya chaga, akamtazama mchumba wake kwa jicho lile la kununua. Kijana akaanza kupapasa mfuko. Nami nikazidi kupanda. Nikamwambia mbao kama hizi siku hizi hazipatikani. Nikamwambia mninga wa Tabora. Nikamwambia, na namshukuru Mungu mama yangu hakunisikia, kwamba hiki watakuja kuwarithisha wajukuu.

Ndipo kunguni akatoka.

Jua lilikuwa kali na vanishi bado inanuka, naye akatokea kwenye tundu la bolti kuja kutafuta hewa. Alikuwa mmoja tu. Mnene, anayekula vizuri. Akapanda juu ya mfumbati, akatembea taratibu katikati ya mng'aro wote ule kama mwenyekiti wa mtaa anayekagua mtaro. Hakuna aliyesema kitu. Fundi akaangalia juu kwenye maembe. Binti akanyanyuka akaanza kujikung'uta sketi. Shangazi akamfuata yule mdudu kwa macho mpaka alipofika mwisho wa ubao, halafu akanigeukia mimi, mwenye kitanda, niliyejitangaza mwenyewe mbele ya watu.

"Na huyu naye ni wa Tabora?"

Angenitukana ningeweza kujibu. Hakunitukana. Alifungua pochi, akarudisha hela aliyokuwa ameanza kuihesabu, akaniambia kwa upole kabisa: "Maji ya moto, mwanangu. Kwenye kila tundu. Na godoro ulianike." Muuza mihogo wa ng'ambo ya barabara akaitikia, "Na shuka azichemshe!" Wakaondoka. Kijana aligeuka mara moja kuniangalia, kwa huruma, kama anayeaga mgonjwa.

Fundi akasema nimemfukuzia mteja, na vanishi aliyopaka bila mimi kumtuma ni 8,000. Nikalipa. Ndiyo, nililipa! Ungekuwa wewe, umesimama na kitanda chenye kunguni mbele ya mtaa mzima, ungelipa pia ili kiondoke machoni pa watu. Ishirini na tano, nane, guta kwenda na kurudi sita: elfu thelathini na tisa. Nusu ya bei ya kitanda, na kitanda ni kilekile, tofauti yake ni kwamba sasa kina ua.

Mimi nauliza, na hapa sifanyi utani: kuna ugumu gani fundi kusema "nitamaliza Jumamosi"? Ningemwelewa. Ningekaa nyumbani. Mtu unasimama juani siku tatu mfululizo mbele ya mtu mzima mwenzako anayekuambia kesho huku anajua, na wewe unajua, na mwembe unajua. Na unarudi! Hilo ndilo linaloniuma, kwamba kila mara nilirudi na nikaamkia.

Basi. Kitanda kikafika nyumbani, hakipiti mlangoni. Kilipotoka kilitoka vipande. Fundi, kwa mapenzi yake, amekiunga chote kwa gundi na misumari ya inchi nne, kwamba hakitafunguka tena milele. Tukakisimamisha, tukakilaza, tukakiingiza kwa kichwa, tukakiingiza kwa miguu. Vijana wa bodaboda wakaja kutoa ushauri. Kila mmoja alikuwa na ushauri, hakuna aliyekuwa na mkono. Mwishowe tukasukuma wote kwa pamoja, tendegu likanasa kwenye kizingiti, kra! Safari hii chumba cha tano hakikusema "taratibu." Ndiye aliyekuwa ameshika upande wa pili.

Nikaweka tofali. Jana mchana mama mwenye nyumba akapita dirishani, akainama, akaangalia uvunguni kwangu. "Hilo tofali langu, baba. Zimehesabiwa." Nikamrudishia. Kwa hiyo pale kwenye tendegu la nne sasa hivi kuna ndoo yangu ya rangi ya lita ishirini, imefunikwa kichwa chini, na ndoo ni ndefu kuliko tendegu. Mteremko unatokea hapo. Nikiweka nguo zilizokunjwa chini ya yale matendegu mengine, kitanda kinakuwa sawa lakini kinatembea.

Kiti changu cha plastiki kimeshonwa mguu kwa waya, mgeni huwa namwambia aegemee kulia. Kabati hadi uliinue mlango kwa goti. Meza nayo... meza tuiache, meza ina historia na mtu.

Kinachonitesa leo ni habari. Muuza mihogo ana mdomo. Jioni hii mama mwenye nyumba amenigongea, anataka nyumba nzima ipigwe maji ya moto, vyumba vyote sita, na mkaa nitoe mimi kwa kuwa "wageni ni wako." Nikamwambia, mama, hao wadudu huenda nilipangishwa nao. Kuta nne, bati, na wao. Akaniangalia sana. Chumba cha tano akakohoa. Na maji yenyewe ya kuchemsha yako wapi? Bomba la uani wiki ya pili hii linatoa upepo tu, unaweza kukaushia nguo. Ya dumu tunanunua, halafu nikamwagie kunguni maji ya kununua wakati mimi mwenyewe naogea kopo mbili...

Subiri. Kuna mtu anapiga kelele uani. Maji yametoka? Yametoka! Nasikia ndoo zinagongana huko, na yakitoka hayamalizi nusu saa. Ndoo yangu moja ina ufa, ile nzima iko wapi... ah. Ah, Mungu wangu.

Jirani! Jirani wa chumba cha tano! Kaka, njoo mara moja unishikie hii kona.