Kumi tu?

Mara nyingi nikiwa kwenye gari la mtu namsikia akisema, "Nimezidisha kumi tu." Mshale uko 60, kibao kinasema 50. Hiyo "tu" inaniudhi sana.

Chukua magari mawili yanayofanana, tairi nzima, lami kavu, yanakwenda sambamba. Moja lina kilomita 50 kwa saa, jingine 60. Mtoto anachomoka mbele yao akifuata mpira. Madereva wanamwona kwa wakati mmoja, na kila mmoja anatumia sekunde moja mpaka mguu uachie mafuta na kutua kwenye breki. Sekunde hiyo gari la kwanza limeshakula mita 14, la pili karibu 17, na breki bado haijagusa kitu. Kisha la kwanza linahitaji mita 14 nyingine, linasimama bampa likikaribia magoti ya mtoto. La pili linafika pale pale likiwa bado na kilomita 40 kwa saa.

Arobaini! Ni spidi ya kitu kilichodondoka kutoka mita 6 juu. Mara ya kwanza sikuamini, nikarudia hesabu mpaka nikakubali.

Sababu ni kwamba breki hazili spidi sawasawa kwa kila mita. Zinachokula sawasawa ni nishati ya mwendo, nayo hukua kwa kipeo cha pili: spidi ikiwa mara mbili, nishati ni mara nne, na mita za kufunga breki ni mara nne. Ndiyo maana mwanzoni gari linaonekana kama halipungui, halafu spidi nyingi inaisha kwenye mita chache za mwishoni. Gari la pili lilikosa hizo za mwishoni.

Siku moja nilikwenda uwanjani nikavua kiatu, nikakiweka chini, nikapiga hatua ndefu za mita moja moja. Hatua 28, kwa spidi ya 50. Nikaendelea mpaka 83, kwa spidi ya 100, nikageuka. Kiatu kilikuwa kidoa cheusi kwenye nyasi. Na hapo ni lami kavu. Mvua ikinyesha na tairi ni kipara, mita za breki huweza kuzidi maradufu.

Wapo wanaonijibu kwamba magari ya siku hizi ni salama. Kweli, mkanda wa pointi tatu wa Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, upo tangu 1959, na breki za ABS zinazuia tairi zisijifunge ili usukani uendelee kutii. Lakini mkanda unamshika aliye ndani. Mtoto wa mpira hana mkanda.

Mimi sasa gari la mbele likipita nguzo naanza kuhesabu sekunde mbili: elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Nikiifikia nguzo kabla sijamaliza, naachia mafuta. Mvua ikinyesha nahesabu mpaka nne, hata wa nyuma apige honi.