Coco 2 inahitaji adui mwenye haki ya kukasirika

Tangu Machi 2025, Disney ilipotangaza kwamba Pixar inaandaa sehemu ya pili ya filamu ya katuni ya Coco, mashabiki wengi wanamjadili Miguel, yule mvulana aliyefika nchi ya wafu: atakuwa na umri gani, ataimba nini, atafikaje tena kwa wafu. Mimi namuwaza adui. Filamu inatarajiwa 2029, na Lee Unkrich na Adrian Molina walioiongoza ile ya 2017 wamerudi kazini, kwa hiyo bado kuna muda wa kumtengeneza vizuri. Nina wangu tayari. Najua anataka nini, anafanya kazi gani, na najua sauti yake itoke kinywani mwa nani. Kama hujaiona Coco, acha kusoma hapa ukaione kwanza, maana nitaigusa hadi mwisho wake.

Nianze na nisiyemtaka. Simtaki Ernesto de la Cruz. Benjamin Bratt alimpa sauti ya mtu aliyezoea kupendwa, na Ernesto aliitosheleza filamu ile kabisa: alimnywesha rafiki yake Héctor sumu, akachukua nyimbo zake, akawa nyota wa taifa zima. Lakini adui anayejificha nyuma ya tabasamu hadi dakika za mwisho ametumika mno. Hans wa Frozen alikuwa hivyo mwaka 2013, Bellwether wa Zootopia akafuata 2016, na Ernesto mwaka mmoja baadaye. Leo hata mtoto akiona mzee mkarimu kupita kiasi ndani ya katuni anamnyooshea kidole mapema. Sehemu ya pili imwoneshe adui wake tangu mwanzo. Tumjue, tumsikilize, na kazi ngumu isiwe kumgundua bali kumjibu.

Adui huyo tayari ana nafasi yake ndani ya filamu ya kwanza. Kumbuka kituo cha kuvukia. Wafu wamepanga foleni, mashine inakagua nyuso zao, na kama picha yako imewekwa kwenye ofrenda yoyote, ile meza ya kuwakumbuka marehemu, unaruhusiwa kupita kwenye daraja la maua. Kuna bwana anaitwa Juan Ortodoncia anayeambiwa kwamba picha yake ipo kwenye ofrenda ya daktari wake wa meno. Anashukuru kwa neno moja, anapita, tunacheka. Héctor naye anajaribu bahati yake akiwa amevaa kama Frida Kahlo. Mashine inamkataa. Anakimbilia darajani kwa nguvu, na yale maua yaliyowabeba wenzake yanamwachia, anazama ndani yake mpaka walinzi wanamtoa.

Pima jambo hilo. Mmoja amevushwa na daktari wa meno. Mwingine ana binti aliye hai ambaye bado anamkumbuka, na amekwama kwa kukosa karatasi moja. Hata Imelda, mke wa Héctor na mama mkuu wa ukoo wa Rivera, familia ya Miguel, alikwama usiku ule kwa sababu Miguel alikuwa ameiondoa picha yake mezani, akaishia kuvua kiatu na kuitandika kompyuta ya ofisini. Tulikuwa upande wake. Filamu inajua kabisa kwamba sheria ile ni katili. Ila suluhisho lake ni la nyumba moja tu: picha ya Héctor inarudishwa, Héctor anavuka, familia inacheza. Sheria yenyewe haikuguswa.

Sasa tujiulize swali ambalo halikuulizwa. Upigaji picha ulitangazwa hadharani huko Paris mwaka 1839, na kwa miongo mingi baada ya hapo picha ilikuwa kitu cha mwenye fedha. Kabla yake, waliobaki na sura ni waliochorwa, yaani watawala, watakatifu na matajiri. Mfinyanzi hakuchorwa. Mjakazi hakuchorwa. Hao wote, katika ulimwengu wa Coco, wanavuka kwa kitu gani?

Adui wangu ni mkunga. Alifariki Santa Cecilia, mji wa akina Rivera, miaka michache kabla ya 1839. Hakuolewa, hakuzaa, ila nusu ya mji ilipita mikononi mwake. Kwa kanuni za filamu, mfu akisahauliwa na kila aliye hai hutoweka moja kwa moja, kama tulivyomwona Chicharrón akiyeyuka kuwa vumbi la dhahabu mbele ya Héctor. Mkunga wangu hajatoweka, kwa sababu Santa Cecilia bado wanasimulia habari za mwanamke aliyevuka mto uliofurika, usiku, taa mkononi, kwenda kumzalisha mama aliyekuwa amekatiwa tamaa. Kisa kinasimuliwa, ila jina la mwanamke limepotea. Hata yeye mwenyewe halikumbuki tena, kwa kuwa hakuna anayemwita. Kisa kinamzuia asife kifo cha mwisho, na ukosefu wa picha unamzuia asivuke. Amekaa hapo katikati karibu miaka 200.

Na kazi aliyopewa ni kufagia daraja. Kila mwaka, kabla foleni haijaanza, ndiye anayeyasawazisha maua ya cempasúchil ili wengine wakanyage. Mguu wake mwenyewe haujawahi kufika upande wa pili.

Naliona tukio la kumtambulisha. Foleni inasogea. Mkunga amesimama pembeni na ufagio wake. Wafu wa Coco ni mifupa yenye nguo, na yeye aliwajua watu hawa wakiwa wachanga tu, hivyo hawezi kumtambua mtu kwa uso. Anatazama kola za mashati. Mara anapita bwana mmoja aliyevaa kitanashati, kifungo cha juu kimefunguka, na mfupa wake wa mtulinga upande wa kushoto una kinundu, dalili kwamba uliwahi kuvunjika ukaunga vibaya. Mkunga anaujua. Aliuvunja mwenyewe kwa vidole vyake, kwa sababu mtoto alikuwa amekwama mabega na asingetoka hai vinginevyo. Yule bwana anamwambia, "Pole na kazi, bibi," kisha anapita kwenda kula alivyoandaliwa na wajukuu wa wajukuu. Ana mchoro wake wa rangi ya mafuta ukutani. Mkunga anarudi kufagia.

Baada ya tukio hilo sihitaji kuelezwa kwa nini amekasirika.

Mpango wake ni mwepesi na ndiyo maana unatisha: bora tukose sote. Safari hii hasawazishi maua, anayafagia kuyatupa shimoni, tena anasubiri mpaka wafu wawe wameshavuka kwenda kwa walio hai. Filamu ya kwanza ilitufundisha kuogopa macheo, kwa kuwa Miguel alitakiwa arudi kabla ya jua kuchomoza. Igeuzeni hofu hiyo. Mara hii waliokwama ng'ambo ni wafu, na miongoni mwao yumo Mamá Coco, binti wa Héctor na Imelda, ambaye tulimwacha akivuka daraja ameshikana mikono na wazazi wake. Mkunga hana chuki na Mamá Coco. Hana chuki na mtu yeyote pale. Anaufunga mlango ambao yeye hajawahi kufunguliwa.

Unkrich ana uzoefu wa adui wa aina hii. Toy Story 3 ya mwaka 2010 aliiongoza yeye, na Lotso, yule dubu mwenye sauti ya babu mpole aliyopewa na Ned Beatty, alikuwa mwanasesere aliyepotea, akarudi nyumbani akakuta nafasi yake imejazwa na mwingine. Kidonda kile kilieleweka. Lakini mwishoni Lotso anafungwa mbele ya lori na kuachwa, na Ernesto anaangukiwa na kengele kwa mara ya pili. Mkunga hastahili kengele. Akipewa adhabu ya kuchekesha, filamu itakuwa imekwepa swali lake, na swali lake ni la kweli: kumbukumbu ni ya nani, na nani hupewa kiti mezani? Ernesto mwenyewe ni ushahidi wa upande wake. Mji mzima umemgeuka, sanamu yake imetundikiwa bango la kumkana, lakini kumchukia mtu pia ni kumkumbuka, na muuaji yule atadumu miaka mingi kuliko Chicharrón ambaye hakumdhuru mtu.

Jibu lipo ndani ya mila yenyewe. Katika Día de los Muertos, yaani Siku ya Wafu, ziko familia nyingi huko Mexico zinazowasha mshumaa mmoja wa ziada, kwa ajili ya roho isiyo na mtu wa kuikumbuka. Hapo pana mlango usiohitaji picha. Ila nisingependa Miguel aufikie kirahisi kwa kupiga gitaa dakika tatu. Anayepaswa kukubali ni Imelda. Yeye ndiye aliyeichana sura ya mumewe kwenye picha ya familia, ndiye aliyepiga marufuku muziki kwa vizazi, ndiye mwenye msimamo mkali kuliko wote kuhusu nani ni wa nyumba hii na nani si wa nyumba hii. Akatae kwanza. Akatae kwa hoja, kwamba meza ni ya ukoo na ukoo una mipaka. Halafu mkunga amwambie alimpokea nani katika ukoo huo. Waongozaji hawa wanaweza kazi hiyo: walipoanza Coco walikuwa na hadithi nyingine kabisa, ya mtoto anayejifunza kuachana na huzuni ya kufiwa na mama yake, wakaiweka kando walipotambua kwamba inapingana na siku ambayo maana yake ni kutoachana na wafu. Watu waliotupa hadithi nzima kwa ajili ya heshima ya mila hawatashindwa kuipanua meza.

Sasa sauti. Katika katuni sauti hurekodiwa mapema, na wachoraji hufanya kazi wakiisikiliza, mara nyingi wakitazama na video ya mwigizaji akiwa mbele ya maiki. Sura ya Scar katika The Lion King ya 1994 ina mengi ya Jeremy Irons mwenyewe. Ndiyo maana kumchagua mtu kwa sababu jina lake litapendeza kwenye bango ni hasara ya filamu nzima: unachagua uso wa mhusika kabla hajachorwa. Na ukiwasikiliza maadui waliotutisha kweli, Irons kwa Scar, Wagner Moura kwa yule Mbwa Mwitu wa Puss in Boots: The Last Wish ya 2022, utaona hawapazi sauti. Wana muda. Wanaongea kama watu ambao hawana wa kuwakatiza.

Mkunga naye ana sababu yake ya kuongea hivyo. Maisha yake yote amezungumza na watu walio katika maumivu makali, usiku, chumba kikiwa na hofu. Ukipiga kelele mle unaharibu. Kila neno lake lilipaswa kuwa la polepole, wazi, lisilo na shaka, mtu alishike.

Namtaka Cecilia Suárez. Waliotazama La Casa de las Flores, tamthilia ya Mexico iliyoanza Netflix mwaka 2018, hawajamsahau Paulina de la Mora, binti mkubwa wa nyumba ile, anayetamka kila silabi peke yake kama mtu anayepanga sahani mezani moja baada ya nyingine. Watu wengi nchini kwao walimwigiza mitandaoni. Pale uvivu ule wa ulimi ulichekesha, ingawa Suárez alikuwa anafanya zaidi ya kuchekesha: chini yake kulikuwa na mwanamke anayebeba siri za familia nzima na anayejizuia asipasuke. Ondoa kichekesho, acha kule kujizuia. Kisha mwache amwambie Imelda kuhusu bibi wa bibi yake: "Ni-li-mwo-na mi-mi. Kabla ya mama yake, nilimwona mimi." Hiyo sentensi ikitamkwa kwa mwendo wake, silabi kwa silabi, sihitaji ngurumo wala muziki wa kutisha nyuma yake.

Kiingereza anakiweza, alicheza katika Spanglish ya 2004. Na ningetaka aifanye sauti hiyo kwa lugha zote mbili, kama Gael García Bernal alivyokuwa Héctor kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Ernesto alikuwa na makoo mawili, Bratt upande mmoja na mwanamuziki Marco Antonio Solís kwa Kihispania, na kwa nyota mwenye nyuso mbili hilo halikuharibu kitu. Mkunga awe mmoja. Mtu aliyepoteza jina asigawanywe tena.

Asipewe wimbo. Najua kishawishi kitakuwepo, maana adui wa katuni akipata wimbo mzuri watu huondoka wakiuimba, na kwenye Coco hata akina Rivera, mafundi viatu, waliishia kuimba. Kwa hiyo hasa, yeye anyamaze. Apewe mlio wa ufagio. Mbwa Mwitu alikuwa na mluzi, na tulipousikia tulijua amefika. Ufagio juu ya maua makavu, mara tatu, kisha kimya, unatosha kufanya kazi hiyo.

Kama Suárez hatapatikana, wa pili wangu ni Adriana Barraza, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa uigizaji wake katika Babel ya 2006. Ana sauti ya mama aliyechoka ambayo inakuvuta karibu. Lakini akiwa yeye, hadithi itabidi iandikwe upya mahali fulani, kwa sababu watazamaji watamsamehe mkunga tangu dakika ya kumi, na mimi nataka tumwogope mpaka Imelda amfungulie.