Herufi za duara: lebo nzuri, maneno mabaya

Wasifu wa Instagram hauna kitufe cha kukoleza maandishi. Ndiyo maana muuza keki anayetaka jina la duka lake lionekane huingia kwenye tovuti ya "fonti za mapambo", akaandika jina, akanakili Ⓚⓔⓚⓘ na kubandika. Fonti haijabadilika hata kidogo. Zilizobadilika ni herufi zenyewe: Ⓚ ina msimbo wake, U+24C0, na K ya kawaida ina wake, U+004B. Faida na hasara zote za mapambo haya zinatokana na jambo hilo moja.

Tuanze na faida, maana zipo. Kwa kuwa duara ni sehemu ya herufi, halipotei ukinakili maandishi kutoka barua pepe kwenda WhatsApp. Unicode, kiwango cha kimataifa kinachoipa kila herufi msimbo wake, ilizipokea alama hizi hasa ili ilingane na seti za zamani za herufi za Asia ya Mashariki, ambako namba ya duara ni kitu cha kila siku. Kama lebo, hazina ubaya: mchoro wa pampu wenye Ⓐ kwenye vali na Ⓑ kwenye bomba, kisha maelezo yanayotaja Ⓐ na Ⓑ, husomeka haraka kuliko mabano. Ila hesabu mapema. ① hadi ⑳ zimekaa pamoja, 21 hadi 50 ziko kwenye kundi jingine ambalo fonti nyingi hazina, na baada ya 50 hakuna kitu.

Matatizo yanaanza lebo inapogeuzwa kuwa neno. Programu inayomsomea asiyeona inaweza kutaja kila alama kwa jina lake refu, moja baada ya nyingine, au ikaziruka zote; hapo jina la duka halipo. Kwenye utafutaji, Unicode imeweka kanuni ya kurudisha Ⓚ kuwa K, na mfumo unaoifuata utalipata jina. Lakini zile nyeupe zilizo ndani ya duara au mraba mweusi, kama 🅚 na 🅺, hazikupewa kanuni hiyo. Ajabu ni kwamba hizo ndizo zinazovutia macho, kwa sababu zimekolea.

Kisha kuna emoji. Katika herufi 26 za mraba mweusi, nne (🅰 🅱 🅾 🅿) ni emoji pia: tatu za kwanza kwa makundi ya damu, ya nne kwa maegesho. Andika 🅱🅰🆁🅰🅺🅰 na kwenye simu nyingi B na A zitatoka na rangi, R na K zikabaki nyeusi. Ⓜ nayo ni emoji, kwa hiyo Ⓜⓦⓐⓝⓩⓐ inaweza kuanza na kibandiko cha rangi na kuendelea na vijiduara vyembamba. Kuweka msimbo usioonekana U+FE0E baada ya herufi huomba sura ya maandishi, ingawa si kila programu inatii.

Kundi la kuogopa kuliko yote ni herufi za bendera. Zikikaa mbili mbili zikaunda kifupi cha nchi, simu huziunganisha kuwa bendera ya nchi hiyo. KEKI ikiandikwa kwa herufi hizo hutoa bendera ya Kenya ikifuatwa na ya Kiribati, na mwenye duka anayetumia kompyuta ya Windows anaweza asigundue, kwa sababu huko mara nyingi huonekana herufi tu.

Kwa anayetuma SMS za matangazo, hasara ni ya fedha taslimu. Ujumbe wa herufi za kawaida unabeba herufi 160. Ukiingiza ① moja tu, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wenye nafasi 70, na ukigawanywa, kila kipande kinabeba 67. Tangazo la herufi 150 lililokuwa SMS moja sasa ni tatu. 🅚 nayo hula nafasi mbili.

Wabunifu wana utetezi wao: alama iko tayari, kwa nini ichorwe? Kwa chapisho la haraka, sawa. Kwa bango au tovuti, hoja hiyo ni dhaifu. Fonti uliyochagua ikikosa Ⓐ, programu inaazima ya fonti nyingine, na unene wa mstari haulingani tena na maandishi ya jirani. Kuchora si kazi: kisanduku cha pikseli 24 kwa 24, kona zilizoviringwa kwa asilimia 50, mstari wa pikseli 1.5, herufi ya pikseli 13 katikati. A ndani yake inabaki A.

Kwenye WhatsApp hata hilo halihitajiki. Nyota moja kila upande wa neno hulikoleza. Kwa wasifu, alama moja mwanzoni inatosha, jina lenyewe liandikwe kwa herufi za kawaida. Kabla ya kuchapisha, lifungue kwenye simu ya Android, iPhone na kompyuta ya Windows, kisha uwashe TalkBack, kisomaji cha skrini cha Android, usikilize inalisomaje.