Figo zangu zote mbili ninazo

Jamani niacheni. Najua ile voisi noti ya mshikaji wangu imeshafika mpaka grupu la ukoo, shangazi kapiga simu toka Tanga anauliza nimeuza figo bei gani. Sijauza kitu! Sikilizeni na upande wangu basi.

Sisi mwaka wa kwanza wa udaktari siku hizi hatusubiri tumalize kadava, yaani maiti ya kujifunzia, ndo tuguse mtu hai. Asubuhi unaangalia figo kwenye maiti huku fomalini inakutoa machozi, mchana unaitafuta figo hiyohiyo kwa mtu anayepumua, na anayepumua nikachaguliwa mimi maana mbavu zangu unazihesabu ukiwa mlangoni. Nikavua shati, mshikaji akahesabu mbavu mpaka ya 12, akanichora figo mbili mgongoni kwa maka peni, ya kulia chini kidogo maana juu yake kuna ini, akaandika FIGO kila moja, halafu akanigonga ngumi pale mbavu inapokutana na uti wa mgongo kuona kama nitaumia (aligonga kwa chuki yule, tuyaache). Dokta akasifia. Hakuna aliyewaza inafutikaje.

Saa kumi jioni tupo kwenye daladala la Gongo la Mboto, mshikaji kapata siti, mimi nimening'inia bombani mikono yote juu, shati jeupe la mtumba, jasho la Dar mnalijua.

Kwanza nikasikia kimya nyuma yangu. Sasa daladala la Bongo, foleni ya Tazara, halafu kimya? Nikajua kuna mtu kaibiwa, nikashika mfuko. Mara kidole. Kidole kidogo kinatembea mgongoni kwangu taratibu kama kinafuata mstari kwenye gazeti, kikasimama.

"Fi... go."

Mtoto! Yuko kwenye umri ule wa kusoma kila kibao anachokiona, na sauti anayo. "Mama, na huku pia figo!"

Mama yake akamvuta, halafu na yeye akasoma. Nikasikia anavuta pumzi. "Kijana wangu, wamekutoa?"

Nikageuka nimjibu, kumbe kugeuka ndo nimewaonyesha na wale wa upande wa pili. Konda akadakia, "Oya braza, wamekupa ngapi?" Kuna kaka wa siti ya nyuma akasema bei anaijua, sijui kaijulia wapi. Nikajidai msomi, "Hapana mama, ni somo tu, zipo zote mbili." Yule mama akanitazama kwa huruma ambayo mpaka leo inaniuma, akasema, "Sasa mbona ya kulia wameirudishia chini?"

Na mimi nikaanza kueleza ini! Niko katikati ya daladala nachora ini hewani kwa kidole, abiria wanatikisa vichwa, na mzee mmoja kanishikisha buku nikanunue maji ninywe mengi. Nikaipokea, mngefanyaje? Mshikaji kwenye siti yake analia kwa kicheko, simu iko hewani inarekodi.

Nikashuka hapohapo Tazara, nikamalizia kwa miguu, spiriti haikutoa, mafuta ya taa hayakutoa, mama kanisugua na dodoki mpaka majirani wakauliza kulikoni, Jumapili nimeenda kanisani na koti kwenye joto hili.

Alhamisi tuna mtihani wa hayohayo mambo ya figo. Mshikaji kashaniomba nikae mbele yake, tena nivae lile shati.