Kabla Hamjaendelea Kusambaza Ile Video

Naanza na ombi: mwenye ile video asimtumie mtu yeyote wa Tanga. Najua huku Uingereza imeshafika Coventry na Leicester, maana jana kuna mtu sijawahi hata kumsalimia kanipigia simu kuniuliza kama huduma ya kuosha miguu wakwe ninaifanya na mikoani. Aliyeisambaza ni yule jamaa yangu wa Slough, na yeye kaona nusu tu, tena kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Sikilizeni kwa mwenye mkasa.

Diwani mnamjua. Kwa wageni humu: ni kobe wa binti yangu, wa aina ya Hermann, wale wa kwao Mediterania, anayeenea kwenye kisahani. Tulimpa jina hilo kwa sababu ukimwita leo anafika baada ya uchaguzi. Majira haya wenzake wengi wamelala. Mwaka jana naye alilala, ndani ya friji, kwenye nyuzi 5 hivi. Ndivyo wafugaji wengi wa huku wanavyofanya, si ushirikina. Safari hii daktari wa wanyama kampima, kasema uzito haujatosha, asilazwe. Kwa hiyo amebaki macho: yeye, taa yake ya joto na bili yangu ya umeme. Likichomoza jua la maana tunamtoa uani kidogo, achangamke, ang'ate magugu, arudi ndani kabla vigae havijapoa.

Sasa Mama. (Nikisema Mama hapa ni mama mkwe, wangu alishatangulia.) Amekuja Reading kututembelea tangu Desemba. Shemeji yenu, katika kumchangamsha mzazi wake, akamsimulia habari ya friji. Toka siku hiyo Mama hagusi kitu kilicholala humo. Maziwa, anasema, yananuka kobe.

Na mjue adabu yangu kwa Mama. Yeye akiingia sebuleni, mimi nakumbuka nina kazi jikoni. Shikamoo naitoa nikiangalia zulia. Mkono hatujawahi kupeana, hata siku ya ndoa. Shikeni hapo, tutapahitaji.

Juzi likawaka jua. Nyuzi 15, Februari, watu wa huku wakatoka na kaptula. Namtoa Diwani, nikasikia nyuma yangu: "Baba, na mimi nitoe." Nikamwekea Mama kiti pembeni ya vigae. Akavua koti. Akavua sweta la kwanza, la pili akaliacha. Mwisho akavua zile soksi za mpira za mjukuu wake, akanyoosha miguu juani. Na Jumamosi kuna harusi Milton Keynes, kwa hiyo vidole vyote kumi vilikuwa na hina mbichi ya jana usiku, nyekundu ya kuiva, inameta.

Kimya kikawa kirefu, nikajaza. Nikamweleza kwamba hata NHS, huduma ya afya ya taifa huku, wanasema kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi jua la huku halimtoshi mtu kupata vitamini D. Akasema alijua tu, jua gani hili la kupaka rangi. Nikamsogezea habari za kobe wa kisiwa cha Changuu, walioletwa Zanzibar kutoka Shelisheli mwaka 1919. Akasema wale kawaona, kawalisha majani kwa mkono wake, wana heshima zao. Akamtazama Diwani anayetafuna yale magugu yenye maua ya njano. "Huyu anakula mchunga." Kweli, yana undugu na mchunga. Akafumba macho.

Simu ikaita, jamaa wa Slough, ya video. Nikapokea nimwonyeshe jua letu.

Twendeni polepole sasa. Diwani kaacha magugu. Kainua shingo. Kobe hana meno lakini macho anayo, na rangi anazijua, nyekundu hasa; mtupie kipande cha nyanya uone diwani anavyokimbilia mradi. Akaanza safari. Mimi, simu mkononi, namwambia jamaa: "Ona, anakwenda kumsalimia bibi." Akafika kwenye dole gumba la kulia. Akalitazama kwa jicho moja. Akageuza kichwa, akalitazama kwa la pili. Akafunua mdomo, pinki ndani, mpana kuliko nilivyowahi kuuona.

Kap.

"YARABI, NYOKA!"

Mguu ukaruka. Diwani akashtuka. Na kobe akishtuka anafanya jambo moja tu maishani: anavuta kichwa ndani. Kakivuta, na kidole kikafuata.

Wewe unayesema ningemvuta tu, hujafuga kobe. Ukimvuta naye anavuta. Ilibidi mtu aushike mguu, na pale uani tulikuwa wawili. Nikapiga magoti. Mikono ikaenda, ikasimama hewani kando ya kifundo cha mguu cha mama aliyemzaa mke wangu. Na mdomo wangu huu, nao uko kwenye video, ukatamka: "Shikamoo Mama. Naomba ruhusa."

"RUHUSA YA NINI, MWANAMUME WEWE!"

Akanikamata upara kwa mikono miwili. Nikaushika mguu. Joto la Reading lote likahamia masikioni. Jirani katokeza juu ya uzio, kauliza kama tuko salama, nikamwambia tuko salama sana.

Ndipo nikaliona beseni la Diwani, maji yake ya kuoga ya uvuguvugu niliyoyaandaa. Nikakokota. Tukaingiza vyote: mguu, kidole, kobe. Maji yakamlegeza. Shingo ikatoka taratibu, mdomo ukaachia, akameza maji kidogo, akafumba macho kwa raha.

Wafugaji mnajua kinachofuata. Kobe akikaa kwenye maji ya uvuguvugu, hafungui mdomo peke yake. Hufungua na huku nyuma.

Mguu wa Mama bado umo. Mkono wangu bado umo. Maji yakabadilika rangi, mchunga wote ule ukarudi, na Mama akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, hiki ni nini?" Nami nikajibu, kwa adabu, "Dawa, Mama."

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka. Shemeji yenu katoka zamu.

Mengine mafupi. Kidole hakikutoka damu, kuna alama tu, na hina imebanduka upande. Tulinawa wote kwa sabuni hadi viwiko. Diwani yuko chini ya taa yake, hana wasiwasi. Mama ananiita "daktari" mbele za watu. Mjomba kanipigia kutoka Tanga: wamekaa kikao, mkwe kushikwa mguu ni mbuzi mmoja, na nikipenda naweza kuleta kobe mkubwa. Mbuzi nimemtuma kwa simu. Harusini naenda, lakini nitakaa meza ya nyuma, na jamaa wa Slough nimesikia naye kaalikwa.