Admini naye ana majirani

Mwaka wa sita huu mimi ni admini wa grupu la mtaa wetu, Tabata. Grupu la watu wasiojuana halina kazi: unafuta ujumbe, unalala. La mtaa ndilo balaa. Usiku nimfutie mzee tangazo lake la dawa ya mitishamba (la nne wiki hiyo), asubuhi tuko naye kituoni tunasubiri daladala. "Shikamoo mzee." "Marahaba, admini." Siku zote huniita mwanangu. Na WhatsApp haikusitiri, ukifuta ujumbe wa mtu jina lako linabaki palepale.

Lakini ninayemwonea huruma hasa ni mweka hazina. Ukitokea msiba, michango inaingia kwenye simu yake, inachanganyikana na hela yake ya mboga. Jioni abandike orodha: waliotoa, walioahidi. Hapo mtu ananakili orodha ya saa kumi, anajiongeza jina, anairudisha saa moja usiku. Waliochangia katikati wanapotea, na simu zinaanza: "Dada, mbona sijioni?" Ada ya kutoa hela kwa wakala analipa yeye, na sijasikia mtu akimuuliza. Wanachouliza ni salio.

Katibu wetu tumwache, kazi yake ni "poleni" na "amina".

Kipindi cha uchaguzi nafunga grupu, tunaandika maadmini peke yetu. Wananiita mwoga. Sawa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na miezi hiyo ndiyo sauti zisizo na mwenyewe zinapozunguka kila simu.

Nionavyo mimi, anayeshika hela asipewe na rungu la kufuta. Akimfutia mtu aliyehoji mchango, hata kama mtu huyo katukana, mtaa mzima utasema kuna kinachofichwa. Uadmini nao uwe wa zamu, miezi sita inatosha, maana kinyongo kinalimbikizana kwa mtu mmoja. Nimelipendekeza hilo mara mbili; nikajibiwa kwa vidole gumba, wa kupokea zamu hakuna.

Tangu 2022 mtu akilefti, taarifa wanaipata maadmini tu. Juzi katoka mama mwenye duka la kona, siku moja baada ya kumfutia tangazo la vitenge. Grupu zima halijui. Mimi najua, na mkate wa watoto nanunua kwake.